Anga la Dunga ndani ya sanduku la mbao

Kazi inayonilisha ni taa za sherehe. Harusi, mahafali, mikesha ya kanisa, usiku wa kuamkia mwaka mpya: nikishafunga vyombo vyangu hakuna kona ya ukumbi inayobaki na giza, na mteja hunilipa kwa sababu hiyo hasa. Ndiyo maana watu wanaonijua kwa kazi hiyo walishangaa walipokuja kuona chumba chetu cha kuonyesha nyota kule Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria hapa Kisumu. Walitarajia miale ya kuzunguka na rangi za kufukuzana ukutani. Wakakuta giza. Lina nyota 500 ndani yake, lakini unakutana na giza kwanza, nyota baadaye.

Naandika kueleza tulivyolijenga anga hili kwa sababu maswali yamekuwa mengi, na kwa sababu kuna jambo moja ninaloliamini sana ambalo sijasikia wenzangu wa taa wakilisema. Ukitaka kumwonyesha mtu anga kwa taa za umeme, sehemu kubwa ya kazi ni kupunguza. Mwangaza hauna taabu siku hizi, unaagizwa na unaletewa kwa boda boda. Giza ndilo tulilolihangaikia, tundu kwa tundu.

Swali la kwanza lilikuwa: anga lipi? Picha nyingi za nyota zilizo mtandaoni na katika vitabu vya shule zimechorwa na mtu aliyesimama Ulaya au Marekani. Huko Nyota ya Kaskazini iko juu angani na Orion, kundi la nyota lenye umbo la mwindaji, amesimama wima. Sisi tuko Kisumu, chini kidogo tu ya ikweta, sehemu ya kumi ya digrii hivi. Mstari wenyewe unapita Maseno, pale penye alama ambapo wasafiri wa kwenda Busia hushuka kupiga picha. Kwa mtu wa hapa, Nyota ya Kaskazini imelala kwenye upeo wa macho, na vilima vya upande wa Riat vinaificha. Orion analala ubavu. Nyota zinachomoza zikipanda moja kwa moja na kutua zikishuka moja kwa moja, na katika mzunguko wa mwaka hakuna nyota, iwe ya kaskazini au ya kusini, isiyopata zamu ya kupita juu ya upeo wetu. Mtu wa London hauoni Msalaba wa Kusini akiwa kwao hata akikesha. Sisi tunauona, na nyota saba za Dubu Mkubwa tunaziona, usiku uleule. Sikuwa tayari kutengeneza anga la watu wengine na kuliweka kando ya ziwa letu.

Kwa hiyo tukachagua saa moja maalumu: saa tatu usiku, mwanzoni mwa Aprili, ukiwa umeketi ufukweni Dunga. Saa hiyo Dubu Mkubwa yuko kaskazini, Msalaba wa Kusini umeinuka upande wa pili, Orion anashuka magharibi na nyota ya Sirius inawaka juu yake. Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo, nacho kiko chini kabisa, karibu kuzama. Wazee wa pwani wana msemo wao juu yake: kilimia kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Na kweli, hapa kwetu kinazama Aprili mvua zikiwa zimeanza. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuuchagua mwezi huo. Aprili mawingu hufunika Kisumu usiku baada ya usiku, na wapo watoto wa mitaa ya Nyalenda na Manyatta ambao anga la Aprili hawajaliona vizuri hata mara moja, ukichanganya mawingu na taa za mtaa. Mahali pa kila nyota tulipata kwa Stellarium, programu ya bure ambayo ukiipa mahali, tarehe na saa, inakuonyesha anga la hapo.

Chumba chenyewe ni sanduku la plaiwudi lenye upana wa mita sita kila upande, limejengwa ndani ya ghala la zamani la samaki. Dari iko mita tatu juu ya macho ya mtu aliyeketi katikati, na kuta nazo ziko mita tatu kutoka kwake. Hesabu ikawa rahisi kwa kiasi fulani: nyota iliyo mbele yako kabisa, kwenye kimo cha digrii 20, tundu lake linakaa ukutani mita 1.09 juu ya macho. Ikifika digrii 45 inakutana na pembe ya ukuta na dari, na kutoka hapo inahamia darini. Mwenzangu anayeandika programu alitoa orodha ya nyota zote, kila moja na ubao wake na vipimo vyake viwili, nami nikaibandika ukutani mwa karakana, nikawa nakata kwa penseli kila tundu linapokamilika.

Taa tulizotumia ni zile ndogo za mnyororo, zenye kichwa cha plastiki cha milimita 12, taa 50 kwa mnyororo mmoja. Kila taa ina kijisaketi chake, kwa hiyo waya mmoja wa data unaweza kuiambia taa ya 37 iwe nyekundu hafifu bila kuigusa ya 38. Minyororo kumi, taa 500. Kwenye anga la usiku mmoja, hiyo inatosha kushuka hadi nyota hafifu za daraja la 4.5 la mng'ao (madaraja nitayaeleza hivi punde). Nje ya mji, mbali na taa, jicho zuri hufika daraja la 6, lakini 4.5 ni zaidi sana ya mtu anavyoona akiwa mtaani Kondele.

Sasa hapa ndipo utamu wa kazi ulipo, na nitakaa hapa kidogo.

Madaraja ya nyota yanakwenda kinyume: namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi. Ukishuka daraja tano, mwanga umepungua mara mia moja. Sirius iko hasi 1.46. Kutoka hapo hadi 4.5 ni karibu daraja sita, yaani tofauti ya mara 250. Na taa hizi zinapokea amri kwa hatua kutoka 0 hadi 255. Ukitazama haraka utasema Mungu atupe nini tena: Sirius mpe 255, nyota ya mwisho mpe 1, kazi imeisha. Lakini taa hiyo ikiwaka 255 ndani ya chumba cheusi, inamulika nyuso za watu, inamulika sakafu, na nyota zote ndogo zinapotea machoni. Sirius ilitakiwa isizidi 30 au 40. Na ukiishusha Sirius hadi 40, nyota ya mwisho inahitaji sehemu ndogo ya hatua moja, jambo ambalo halipo. Taa iko 1 au iko 0.

Jibu lilitoka kwa seremala wetu wa Kibuye. Alikuwa amekaa juu ya mbao akinywa chai, akanisikiliza nikilalamikia hesabu, kisha akauliza: “Dada fundi, kwani matundu yote lazima yalingane?”

Hayakulazimika. Tukachukua keekee na misumari yake minne, ya milimita 1, 2, 3 na 4. Tundu la milimita 4 linapitisha mwanga mara 16 ya tundu la milimita 1, kwa sababu kinachohesabika ni eneo, si upana. Mara 16 ni daraja tatu za mng'ao, nusu ya safari yote. Nusu iliyobaki, mara 16 nyingine, ikaachiwa programu. Nyota kubwa zikapata tundu kubwa na amri ya 32, nyota ndogo tundu dogo na amri ya 2, na katikati tukawa na nafasi ya kupanga vizuri. Nyuma ya kila tundu tuliweka kipande cha karatasi ya kunakilia ramani, kwa sababu ndani ya taa moja kuna vitaa vitatu, nyekundu, kijani na buluu, na bila karatasi jicho linaviona vimetengana.

Ukitoboa plaiwudi kwa msumari wa milimita 1 unatakiwa kushika keekee kwa mikono miwili na kutoisukuma. Iache ijilie mbao yenyewe. Ukisukuma, msumari unapinda, na tundu linatoka limeelekea pembeni, kisha mwanga wake unaonekana na mtu aliyeketi kona moja tu. Vumbi lake ni jembamba sana, linaziba tundu kutoka nyuma, kwa hiyo kila tundu tulilipuliza kwa mrija, tukalitazama dhidi ya dirisha, tukapaka rangi nyeusi kwa brashi ya unyoya mmoja kwenye ukingo, kisha tukalitazama tena. Mtu aliyepita pale karakana angedhani tunachonga vito. Nilipenda kazi hiyo kuliko nilivyowahi kupenda kazi yoyote ya taa.

Rangi nazo tulizibania. Betelgeuse, bega la Orion, ina joto la usoni la nyuzi 3,500 hivi za Kelvin, ndiyo maana ina wekundu. Rigel, mguu wake, inafika 12,000 na ina ubuluu. Watu wote waliopita wakati wa majaribio walitaka nyekundu iwe nyekundu kweli na buluu iwe buluu kweli. Nilikataa. Angani rangi hizo ni za kunong'ona, na mtoto akizigundua mwenyewe baada ya kutazama anaruka kwa furaha. Ukimpigia kelele za rangi hana cha kugundua. Kumetameta pia tulikupangia kanuni: nyota iliyo juu kabisa inatulia, iliyo chini inatetemeka zaidi, kwa sababu mwanga wake unapita hewa nyingi. Kwenye kimo cha digrii 30 unapita hewa mara mbili ya ule wa utosini, na ukikaribia upeo hewa inaongezeka mno.

Sasa niseme jinsi chumba kinavyomhisi mtu aliyemo na kumjibu. Michezo mingi ya taa inayomjibu mtazamaji hutaka apunge mkono, aruke, akimbie, ndipo kitu kiwake. Sisi tulitaka kinyume chake, kwa sababu anga la kweli linamlipa anayetulia. Ukitoka kwenye nyumba yenye taa, macho yako yanahitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa. Nyota zinaongezeka wewe ukiwa umesimama tu. Basi chumba chetu kinafanya hivyo. Unapoingia unaona nyota chache kubwa. Ukikaa kimya bila kutapatapa, kila baada ya nusu dakika hivi zinajitokeza nyingine za nusu daraja chini yake, taratibu kiasi kwamba huwezi kusema ni lini hiyo iliyo pale ilianza kuwaka. Ukifika dakika ya sita umepata zote. Ukianza kucheza, zile ndogo zinarudi gizani, polepole pia. Hakuna kuzimwa ghafla, hakuna adhabu.

Sensa za kawaida za kutambua mwendo, zile za kwenye taa za usalama getini, hazikufaa. Zinategemea joto la mwili linalosogea, kwa hiyo mtu akitulia kabisa, kwao ametoweka. Tulihitaji kifaa kinachoweza kusema: yupo, na ametulia. Tukapata virada vidogo vya gigahezi 24, vinauzwa bei nafuu tu, ambavyo vinasikia hata kifua kikipanda na kushuka kwa pumzi. Vinatoa habari mbili tofauti, nguvu ya kinachotembea na nguvu ya kilichotulia, na hizo mbili ndizo chakula cha programu yote. Kimoja kila kona, vyote vinaongea na bodi ya ESP32, kompyuta ndogo inayoendesha programu yetu.

Hapo tulibishana, mwenzangu na mimi. Yeye alitaka anga liwe moja: mtu mmoja akitikisika, nyota zipungue kwa wote, ili watu wajifunze kutulia pamoja. Tulipojaribu na watoto wa jirani, wakubwa walianza kuwakemea wadogo, na kitoto kimoja cha miaka minne kikatoka kinalia. Tuligawa anga sehemu nne. Mtoto anayechezacheza anapunguza nyota za kona yake tu, na akiangalia kona ya mwenzake anaona nyingi, naye anatulia kwa hiari yake. Mwenzangu bado anaamini anga moja lilikuwa wazo bora. Mimi siwezi kujenga kitu kinachomfanya mtoto mkubwa amfinye mdogo.

Mzee mmoja mvuvi, jirani wa ghala, alikuja siku moja kuuliza kelele za keekee zinahusu nini.

“Karibu ndani, Jaduong',” nikasema, yaani mzee kwa Kijaluo. “Tunatengeneza anga la usiku.”

“Anga lipo, nyathina,” yaani mwanangu. “Linatengenezwaje?”

Nikamwomba aketi ajionee. Alitulia kuliko mtu yeyote tuliyewahi kumweka pale. Hakukohoa, hakujikuna. Mtu aliyezoea kukaa kwenye mtumbwi usiku anajua kukaa. Nyota zote zikatoka, naye akazungusha kichwa taratibu kutoka kaskazini hadi kusini, kisha akaangalia chini, mbele yake.

“Nyota mmeziweka vizuri. Ziwa liko wapi?”

Sikumwelewa mara moja. Akanieleza kwamba usiku usio na mwezi, ukiketi Dunga, mstari wa chini si mweusi. Kuna taa za wavuvi wa omena. Omena huvuliwa kwa taa, gizani, kwa sababu samaki hao hufuata mwanga, na mbalamwezi ikiwa kubwa ni vigumu kuwavuta. Enzi za ujana wake zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi wengi wanatumia taa za LED na betri. Ukiwa ufukweni huwezi kuonyesha kwa kidole ni wapi taa za mitumbwi zimeishia na nyota zimeanzia. “Usiku ule mliouchagua una mwezi?” akauliza. Nikamwambia hauna. “Basi watu wako majini.”

Tulichukua mnyororo mwingine wa taa 50, tukautobolea matundu kwenye usawa wa macho, upande wa magharibi na kusini. Yeye ndiye aliyepanga: kundi hapa, pengo, mtumbwi mmoja peke yake, kundi kubwa zaidi kule mbali. Rangi ni ya njano ya karabai, ameitaka hivyo. Na taa hizo hazitii virada. Zinawaka muda wote, zikipanda na kushuka kidogo sana, kwa sababu mvuvi hamsubiri mtazamaji atulie ndipo afanye kazi yake. Kwangu mimi chumba kilikamilika siku hiyo, ingawa vitu viwili vilikuwa bado havijaingia.

Cha kwanza ni kirungu cha mbao kilichowekwa katikati, chenye namba za umri kutoka 4 hadi 80. Unakizungusha hadi umri wako, na nyota moja angani inaongezeka mng'ao kidogo. Ni ile ambayo mwanga wake unaouona leo uliondoka huko karibu na mwaka uliozaliwa. Wa miaka minane au tisa anapata Sirius, miaka ya nuru 8.6, na kwa watoto wa gredi ya tatu hilo limekuwa jambo la fahari isiyo na kifani, kwamba wao ndio wenye nyota kubwa kuliko zote. Wa kumi na mmoja anapata Procyon. Thelathini na nne, ambao ni umri wangu, ni Pollux. Thelathini na saba ni Arcturus, inayoinuka mashariki, upande wa Nandi. Arobaini na tatu ni Capella. Sabini na tisa ni Regulus, karibu na utosi.

Wa kumi na sita walinisumbua. Karibu na umri huo, katika anga tulilolichagua, kuna nyota moja tu ya kufaa, Keid, miaka ya nuru 16.3, na mng'ao wake ni daraja la 4.43. Iko ukingoni kabisa mwa zile tunazoweza kuonyesha. Kijana wa sekondari hawezi kuiona nyota yake mpaka yeye na wenzake watulie dakika zote. Nilifikiri watachoka. Hawajachoka. Kundi moja la kidato cha pili walikaa kimya mpaka mwalimu wao akaja kuchungulia kama wamo. Kati ya miaka 17 na 25 hatukupata nyota yenye mng'ao wa kutosha iliyo juu ya upeo saa hiyo, na hapo kirungu kinapita bila kitu. Vijana wa chuo wamelalamika, na wana haki. Vega na Fomalhaut zingewafaa wa ishirini na tano, lakini mwanzoni mwa Aprili saa tatu usiku zote mbili ziko chini ya ardhi yetu.

Jaduong' wetu alizungusha hadi 65, ikawaka Aldebaran.

“Yaani mwanga huu ulianza safari nikizaliwa, na umefika leo?”

“Umefika leo, Jaduong'.”

Alitaka kujua iko wapi nje. Nikamweleza: magharibi, kati ya Orion na Kilimia, ina wekundu. Akasema hiyo anaifahamu miaka mingi, amekuwa akielekeza mtumbwi kwayo, ila hakujua kwamba ni ya rika lake.

Kitu cha pili ni ubao mmoja wa pembeni, karibu na mlango wa kutokea, na huu niliupigania mwenyewe. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini upande wa Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani tu. Ilikuwa ya NASA, ikarushwa na Waitaliano, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru ikaitwa Uhuru. Msimamizi wa mradi alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Ilifanya kazi hadi 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei. Vipimo vyake juu ya Cygnus X-1, kimojawapo cha vyanzo hivyo, viliwasaidia wanasayansi kukisia kwamba hapo pana shimo jeusi, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Haya yalitokea kwetu. Nilisoma shule zote nchini humu na sikuwahi kufundishwa.

Ubao huo ni ramani ya anga lote, yenye umbo la yai, na matundu 339. Minyororo saba inatoa taa 350, kwa hiyo 11 zimefunikwa nyuma. Ubao ni mweusi mpaka uweke kiganja juu ya bamba la shaba lililo mbele yake, kwani bodi ya ESP32 ina pini zinazohisi mguso wa mkono. Hapo anga linageuka kuwa lile ambalo Uhuru iliona, ambalo macho ya binadamu hayawezi kuliona. Nyingi ya zile kali zimejipanga kwenye mkanda wa Njia ya Maziwa, na moja inazizidi zote: Scorpius X-1. Kama tungezipa uwiano wao wa kweli, hiyo ingewaka peke yake na nyingine zisingeonekana kabisa, kwa hiyo hapa tulibana tofauti na tumeandika hivyo kwenye kibao. Watoto wanapenda kuweka mikono mitano mitano juu ya shaba. Haizidishi chochote, lakini hatujawakataza.

Mambo ya stima nitayapitia haraka. Taa 500 zikiwaka nyeupe kwa nguvu zote zingetaka ampea 30 kwenye volti 5, na waya nyembamba za minyororo zingeanguka volti kabla ya kufika mwisho, zile za mbali zikawa na rangi ya kutu. Kwa vile sisi hatukaribii kabisa nguvu hizo, chumba kizima kinakula chini ya balbu moja ya zamani, na betri ya volti 12 inakiendesha jioni nzima stima ikipotea. Hata hivyo tulilisha umeme pande zote mbili za kila mnyororo. Vijidudu vya ziwani ndivyo vilivyotuchosha zaidi. Usiku vikitoka majini vinaingia kwa wingi palipo na mwanga, na tundu la milimita 4 kwao ni mlango. Tumeziba mapengo yote ya ghala kwa chandarua, na njia ya kuingilia tumeipinda mara mbili, imepakwa rangi nyeusi, na ina taa nyekundu hafifu tu, ambayo haiharibu macho ya mtu anayejiandaa kwa giza.

Hatua inayofuata ni Maseno. Sanduku linafunguka kwa nati na bolti, mbao zote zinaingia kwenye pikapu moja. Kutoka hapa hadi kule ni kilomita 25 hivi, na anga halibadiliki kiasi cha kuonekana, hakuna tundu hata moja la kuhamisha. Tunataka kuliweka mahali ambapo ikweta inapita chini ya sakafu, tuichore kwa chaki, watoto wengine waketi kaskazini yake na wengine kusini, wote wakiangalia nyota zilezile. Mwalimu mmoja wa huko ameshaanza kutafuta ukumbi wenye dari ya mita nne na nusu. Ukijua mahali pengine upande huo, Luanda au Kombewa, niandikie. Betri tunakuja nayo, mikeka tunayo, na seremala yuko tayari. Tunachoomba ni mwenye jengo aturuhusu kuziba madirisha kwa wiki mbili.